Tanga hadi Malindi kwa gari na mtoto wa miezi 7: twende au tuache?

"Dokta, habari za kazi. Tunaishi Tanga, Makorora. Mtoto wetu wa kwanza ana miezi 7, ana kilo 8, na kliniki wanasema anaendelea vizuri. Januari kuna harusi ya mdogo wake mume wangu huko Malindi, Kenya, na tunataka kwenda na gari letu kupitia mpaka wa Horohoro. Mume wangu anataka tuondoke usiku tuunganishe moja kwa moja ili mtoto alale njia nzima. Mama mkwe anasema upepo wa barabarani utamtia mtoto nimonia, tusubiri afike mwaka. Shangazi yangu ameniambia nimpe Piriton kidogo asisumbue. Mimi nilikuwa nimepanga kumpakata siti ya nyuma kama siku zote. Halafu nasikia mpakani wanadai kadi ya homa ya manjano. Je, twende au tuache?"

Mama, nendeni. Mtoto wa miezi 7 aliye mzima, anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito, anaiweza safari hiyo. Ila katika mipango mliyoifanya kuna mambo matatu nakuomba myaondoe kabisa: kumpakata, kusafiri usiku, na Piriton.

Nianze na mama mkwe, maana hofu yake ni ya mtu anayempenda mjukuu. Nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria na virusi, ambavyo mtoto huvipata kwa watu wanaokohoa, kupiga chafya au kumshika kwa mikono michafu. Upepo wenyewe hauna nimonia. Ubaya wa upepo wa dirishani ni kwamba unamkausha macho na pua na kumjaza vumbi, kwa hiyo dirisha la upande wake lifungwe. Palipo na hatari ya kifua hasa ni harusini. Mtoto atapokewa na watu wengi, atabusiwa usoni, atalazwa chumba kimoja na watoto wenye mafua, na ndani kutakuwa na chetezo cha udi na ubani. Moshi huo unakera njia ndogo za hewa za mtoto kama moshi mwingine wowote, hata ukinukia. Mtafutieni chumba kisichofukizwa. Mwenye kikohozi asimpakate, bila kujali ni nani. Na kama kuna wazee watakaotaka kumlambisha asali, wakataze kwa adabu: kabla ya mwaka 1, asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kunyonya na kupumua.

Sasa kumpakata. Najua ndivyo tunavyosafiri karibu sote, na mkono wa mama unaonekana ndiyo mahali salama kuliko pote. Tatizo ni kwamba gari linapogonga, kilichomo ndani kinaendelea kwenda kwa mwendo uleule. Katika kilomita 50 kwa saa, mtoto wako wa kilo 8 atachomoka mikononi kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 150 na zaidi. Hakuna mikono inayozuia hilo, hata ya baba. Ukimfunga pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja ni vibaya zaidi, kwa sababu uzito wako wote unamkandamiza kwenye mkanda. Mbeleko nayo haizuii kitu.

Tafuteni kiti cha mtoto cha gari, kile kinachomfanya aangalie nyuma ya gari. Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito kwa mwili wake na shingo ambayo haijakomaa. Akiangalia mbele, ajali hurusha kichwa na kuivuta shingo. Akiangalia nyuma, mgongo mzima na kichwa vinaegemea kiti, na nguvu inagawanyika. Abaki akiangalia nyuma kwa muda wote ambao kiti kinaruhusu uzito na urefu wake. Miguu kukunjwa au kugusa siti si sababu ya kumgeuza.

Kiti cha mtumba si vibaya, lakini kikagueni kabla ya kulipa. Kipindueni: chini au nyuma pana kibandiko chenye namba R44 au R129 kikionyesha kwamba kimepimwa, pamoja na uzito au urefu kinaoruhusu, na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa kutumika. Plastiki yenye ufa au rangi nyeupe ya kukunjika, mkanda uliochanika, kifungio kisichotoa mlio kikifungwa, au muuzaji asiyejua kama kiti kimewahi kuwa kwenye ajali: acheni, tafuteni kingine.

Kukifunga kunahitaji subira, na nakushauri mkifanye nyumbani siku chache kabla, mchana, bila haraka. Kiwekeni siti ya nyuma. Kisikae kamwe mbele mahali penye eabegi inayofanya kazi, kwani mfuko ule hufumuka kwa kishindo na kuugonga mgongo wa kiti palepale kilipo kichwa cha mtoto. Pitisheni mkanda wa gari kwenye njia zilizochorwa. Kwenye viti vingi vya Ulaya, alama za bluu ndizo za kuangalia nyuma na nyekundu ni za kuangalia mbele. Kisha mmoja akikandamize kiti kwa goti au kiganja huku mwingine akivuta mkanda mpaka ulegevu wote uishe. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kwa nguvu kushoto na kulia: kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, hakijafungwa, anzeni upya. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kuupitisha mkanda njia isiyo yake kwa sababu ni mfupi. Kama mkanda wa gari lenu haufiki, basi kiti hicho na gari hilo haviendani, na ni heri kujua hayo Makorora kuliko Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka.

Mikanda ya kiti chenyewe, ile inayopita mabegani, itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo. Baada ya kufunga, jaribu kuukunja mkanda kwa vidole viwili begani pake. Ukiweza kubana mkunjo, umelegea. Mvalishe nguo nyepesi tu. Kanga iliyokunjwa au mto mgongoni mwake hubonyea wakati wa ajali na kuacha mkanda ukining'inia. Kama ni baridi ya kiyoyozi, mfunike kwa kanga juu ya mikanda, kuanzia kiunoni kushuka.

Hapa ndipo suala la usiku na Piriton linapoingia, kwa sababu yote mawili yanahusu namna mtoto anavyopumua akiwa kitini. Akilala ameketi, kichwa kinaweza kuanguka mbele mpaka kidevu kikagusa kifua. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba na laini, na shingo ikijikunja hivyo inabanwa kama mrija wa soda uliokunjwa. Kwa kawaida mtoto akikosa hewa hujigeuza, hulia au huamka. Piriton na dawa nyingine za mafua zinazoleta usingizi zinafifisha mshtuko huo wa kuamka, na kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza hata kupumua kwenyewe. Promethazini, ambayo watu huitumia kuzuia kutapika safarini, haitakiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Na hata huko kutapika hamna haja ya kukuogopa sana: kichefuchefu cha safari ni nadra kwa watoto wa chini ya miaka 2. Mtoto akitapika njiani, mara nyingi ameshiba mno, amelia sana, au anaumwa.

Kwa hiyo kiti kilale kiasi cha kuzuia kichwa kuanguka mbele, kama nyuzi 45 kwa wadogo na kusimama zaidi kidogo kwa mtoto wenu anayekaza shingo. Mmoja wenu akae nyuma pembeni yake amwangalie uso. Mtoto asikae kitini zaidi ya saa 2 mfululizo. Simamisheni gari kivulini, mtoeni kabisa, mlazeni chali kwenye mkeka, ajinyooshe, anyonye, abadilishwe, dakika 20 hadi 30. Mkifika, usimwache aendelee kulala kwenye kiti hicho ndani ya nyumba. Mhamishie kitandani.

Safari ya usiku inaonekana ya busara kwa sababu mtoto analala, lakini gizani hamuoni kidevu kilipo, dereva anasinzia, na barabara ina malori yaliyoharibika bila taa, mifugo na matuta yasiyo na alama. Dereva akichoka, kiti kizuri kinabaki kuwa kinga ya mwisho badala ya kuwa nyongeza.

Umbali wenyewe si wa kutisha. Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65, Lunga Lunga hadi Mombasa kama 100, na Mombasa hadi Malindi kama 120. Mtu mzima angeweza kuumaliza kwa siku moja. Kwa mtoto, na kwa joto la kaskazi la Januari, ningeigawa mara mbili. Siku ya kwanza ondokeni saa 12 asubuhi, mara baada ya kunyonya. Mtafika mpakani jua halijawa kali. Pumzikeni baada ya kuvuka, kisha mwende hadi Msambweni au Ukunda na mlale huko. Siku ya pili mtoke tena asubuhi, mpite Mombasa, mpumzike Kilifi, mfike Malindi kabla ya mchana. Kuvuka Mombasa mna njia mbili: kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu inayozunguka bila kupanda kivuko. Na mtoto mdogo ningechagua Dongo Kundu. Foleni ya kivuko saa 6 mchana, gari limezimwa na kiyoyozi hakifanyi kazi, ni joto ambalo mtoto halihitaji. Mkilazimika kupita Likoni, mtoeni kitini wakati wa kusubiri.

Nikae kidogo kwenye joto, maana ndilo linalowaumiza watoto kimyakimya. Gari lililofungwa vioo juani hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na mwili wa mtoto hupata joto haraka zaidi ya wa mtu mzima. Asiachwe ndani hata dakika moja mnapogonga mihuri mpakani, hata akiwa amelala fofofo. Kabla ya kumrudisha, gusa chuma cha kifungio kwa kiganja chako: huchoma. Wekeni kivuli kwenye kioo, wala msikifunike kiti kwa kanga. Kanga juu ya kiti huzuia jua lakini hufungia joto na hewa chafu ndani. Kiyoyozi kiwe nyuzi 24 hadi 26, kisimpulizie usoni. Ukitaka kujua kama ana joto, gusa shingo yake kwa nyuma. Mikono na miguu hudanganya.

Kwa umri wake, maziwa yako bado ndiyo kinywaji kikuu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida, gari likiwa limesimama, na maji safi yaliyochemshwa umpe kidogo kidogo kwa kikombe. (Angekuwa chini ya miezi 6 ningekwambia maziwa peke yake, maji hayana kazi.) Uji usiubebe tayari kwenye chupa tangu alfajiri. Beba unga mkavu uliokaangwa au ule wa kukoroga, pamoja na maji yanayochemka kwenye chupa ya chai, ukoroge anapotaka kula. Kilichobaki kimwagwe, kisizidi saa 2. Ndizi mbivu na parachichi ni chakula kizuri cha njiani kwa kuwa vinakuja na ganda lake. Hesabu nepi: zikilowa chini ya 4 kwa saa 24, au mkojo ukawa wa njano nzito, ameanza kuishiwa maji.

Mkoba wa dawa uwe mwepesi. Pakiti za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), kila moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa sababu ziko za lita 1 na za nusu lita, na ukikosea chumvi inazidi. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Akiharisha, mpe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko baada ya kila choo, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha. Parasetamoli ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5: kwa kilo zake 8 ni mililita 5, isizidi mara 4 kwa siku, na zipite saa 6 kati ya dozi na dozi. Kipimajoto. Chandarua chenye dawa, kwani pwani ya Kenya ina malaria kama Tanga. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET isiyozidi asilimia 30 inaruhusiwa kwake, ila isipakwe viganjani wala karibu na macho na mdomo.

Nepi zilizotumika ziwekeni kwenye mfuko wa kitambaa au wa karatasi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, sisi mwaka 2019, kwa hiyo ile ya rambo ya kufungia nepi itawaletea maneno pande zote mbili za mpaka.

Kuhusu mpaka: kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, haingii kwenye pasi ya mama. Anzeni mapema Uhamiaji mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa, na mkibebe hata siku ya safari. Ikiwa mmoja wenu hatasafiri, bebeni barua yake ya ridhaa. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, kwa hiyo mkienda mnamalizana na pande zote mbili huko Lunga Lunga. Gari linahitaji kadi yake halisi, barua ya mwenye gari kama si lenu, na bima ya kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), kwa sababu bima yenu ya ndani inaishia mpakani.

Msichanganye kadi hiyo ya gari na ile ya homa ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutolewa kwa watoto wa miezi 9, na sharti la kadi linaanzia mwaka 1, kwa hiyo mtoto wako hahusiki. Nyinyi wazazi mnaweza kudaiwa mnaporudi, kwa kuwa Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Mume wako achanje angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Cheti ni cha maisha. Wewe subiri kidogo. Chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na vimewahi kupita kwenye maziwa ya mama hadi kwa mtoto mchanga. Unanyonyesha mtoto aliye chini ya miezi 9, na pwani ya Kenya si eneo ambalo wasafiri kwa kawaida hushauriwa kuchanja. Kama hujawahi kuchanjwa, mweleze mtoa chanjo kwamba unanyonyesha, mzungumze kuhusu barua ya daktari ya kukusamehe chanjo kwa sasa.

Malindi kwenyewe, jua la kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri si la mtoto. Kofia pana na kivuli kwanza. Losheni ya jua yenye kinga ya 30 au zaidi anaweza kupakwa usoni na mikononi kwa kuwa amepita miezi 6, ikirudiwa kila baada ya saa 2. Baharini dakika chache mikononi mwako, jioni, zinatosha, kisha mmwoshe kwa maji yasiyo ya chumvi.

Kabla ya safari, wiki mbili hivi, mpeleke kliniki mkaangalie uzito na chanjo zake. Ya surua na rubela huanza miezi 9, hivyo bado hana kinga hiyo. Ulizeni kama kuna surua inayoenea mnakokwenda. Bebeni kadi yake ya kliniki. Ahirisheni safari kama ana homa, anaharisha au anapumua kwa shida wiki hiyo. Kama alizaliwa njiti, ana tatizo la moyo au ana selimundu, usitumie majibu haya peke yake, muone daktari anayemjua, kwani kwa selimundu hata joto na upungufu mdogo wa maji unaweza kuamsha maumivu makali.

Njiani, homa yoyote apimwe malaria siku hiyohiyo, usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Na msisubiri hata dakika akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au asipoamka kirahisi, utosi ukibonyea, kifua kikiingia ndani anapovuta hewa, au akipumua mara 50 na zaidi kwa dakika. Hesabu dakika nzima kwa kutazama saa, akiwa ametulia. Kutoka Lunga Lunga hospitali kubwa ya kwanza barabarani ni ya Msambweni. Mbele kuna Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, kisha hospitali ya kaunti ya Kilifi, na ya Malindi. Msitegemee bima ya afya ya nyumbani huko. Tengeni fedha taslimu za Kenya kwa ajili ya matibabu peke yake, na zikae kwenye mkoba wa mtoto.